Tafadhali 17, bila sababu hata moja

Shikamoo Mwalimu,

Nafundisha darasa la pili. Nina watoto 36, wengi wana miaka saba, wachache wametimiza minane. Muhula huu tumefika kwenye kuandika kwa kushawishi, na niliingia nayo darasani kwa hamu kubwa kwa sababu kwa mdomo watoto hawa hawashindwi. Jaribu kuwaambia mapumziko yamekwisha uone mawakili walivyojaa humo.

Niliandaa somo vizuri, au ndivyo nilivyodhani. Nilieleza maana ya kushawishi. Nikaandika ubaoni barua ya mfano kwa mwalimu mkuu, ya kuomba muda wa mapumziko uongezwe: ombi juu, halafu kwanza, pili, tatu, halafu mwisho wa barua. Tukaisoma pamoja mara mbili. Kisha nikasema, haya, kila mmoja aandike ya kwake, aombe anachotaka.

Nilipokusanya madaftari nilikosa la kusema. Watoto 29 wameniletea barua yangu mwenyewe. Baadhi wametoa "mapumziko" wakaweka "mpira", wengine hata hilo hawakujisumbua. Mmoja amenakili mpaka tarehe ya juzi niliyosahau kuifuta pembeni mwa ubao. Saba waliobaki ndio walioandika ya kwao, nayo ni haya: "Mama naomba paka kwa sababu nataka paka. Tafadhali tafadhali tafadhali" mpaka ukurasa ukaisha. Nilihesabu, ziko 17. Mwingine: "Baba ninunulie baiskeli. Usiponinunulia nitalia."

Aliyeniuma zaidi ni mvulana mmoja ambaye wiki moja kabla alinishawishi nimhamishie kiti cha dirishani. Alisimama mbele ya meza yangu akamwaga sababu nne bila kuvuta pumzi: kule pembeni ubao unang'aa haoni, jirani yake anamsemesha, mvua ikija yeye atafunga dirisha nisihangaike, na akizungumza hata mara moja nimrudishe alikotoka. Nikampa kiti. Siku ya barua alikaa dakika 30, akaniletea mstari mmoja: "Naomba mpira. Asante."

Kama hayo hayatoshi, mzazi mmoja alinisubiri getini. Anasema tangu nianze somo hili mwanawe haendi kulala bila kutoa "sababu tatu", na kwamba shule inamfundisha mtoto kumbishia mzazi wake. Nilipomsimulia mwalimu wa darasa la jirani, akacheka, akaniambia watoto wa umri huu wafundishwe mwandiko na tahajia, hoja watazikuta mbele huko. Nami nimeanza kumwamini.

Je, ni mapema mno, au mimi ndiye niliyekosea njia? Na kazi kama hizi nazisahihishaje?

Mwalimu wa la pili

*

Marahaba, mwanangu.

Njia ndiyo iliyokosewa, mapema si. Ila hukukosea peke yako. Mimi nimeandika barua kama hiyo ya ubaoni miaka mingi, nikakusanya madaftari yaleyale, nikawalaumu watoto.

Tuanze na huyo wa tafadhali 17, maana namwona kama ndiye mwanafunzi wako aliyefika mbali kuliko wale 29. Yeye amejua jambo moja: ombi linahitaji nguvu, na nguvu hiyo haina budi itoke kwa mwombaji. Kosa lake ni kwamba ana zana moja tu, akaipiga mara 17. Aristotle, aliyefundisha Ugiriki zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alisema mtu hushawishi kwa njia tatu: yeye mwenyewe aaminike, moyo wa msikilizaji uguswe, na hoja zenyewe zisimame. Wa tafadhali anagusa moyo. Wa "nitalia" naye anagusa moyo, kwa fimbo. Mvulana wako wa dirishani alizitumia zote tatu mbele ya meza yako: hoja za ubao na jirani, huruma ya kukupunguzia kazi ya dirisha, na ile ahadi ya mwisho kwamba akizungumza arudishwe, ambayo haikuwa na maana nyingine ila "niamini". Miaka saba! Kwa hiyo usimsikilize anayekuambia hoja ziko mbele huko. Ziko darasani mwako tayari, zimekaa dirishani. Zilipokwama ni kutoka mdomoni kwenda kwenye karatasi.

Sasa nikuulize swali ambalo barua yako haikulijibu. Zile barua 36 nani amezisoma?

Nadhani wewe tu. Ziliandikwa kwa mwalimu mkuu, kwa mama, kwa baba, lakini zimelala mezani kwako zikisubiri kalamu nyekundu. Mtoto wa miaka saba hajui nadharia yoyote ya uandishi, ila hilo analinusa haraka kuliko mkaguzi. Anajua barua haiendi kokote. Na barua isiyokwenda kokote haina wa kushawishiwa, kwa hiyo iliyobaki ni kazi ya kunakili, na kunakili wanakujua. Wamekufanyia ulichowaomba.

Kuna barua moja ya mtoto ninayoipenda kuliko mifano yote ya vitabu vya kiada. Tarehe 15 Oktoba 1860, msichana wa miaka 11 aitwaye Grace Bedell, wa Westfield katika jimbo la New York, alimwandikia Abraham Lincoln aliyekuwa akigombea urais wa Marekani. Alitaka jambo moja tu: Lincoln afuge ndevu. Angalia alivyolijenga. Hakusema "kwa sababu napenda ndevu". Alimwambia kwamba uso wake ni mwembamba mno na ndevu zingempendeza. Kisha akasogea kwenye kile anachokitaka Lincoln mwenyewe, yaani kura. Wanawake hawakuwa na haki ya kupiga kura wakati huo, naye alilijua hilo, ndiyo maana akaeleza kwamba wanawake hupenda ndevu na watawasumbua waume zao wampigie. Tena alikuwa ameshatia dau lake mezani: ana kaka wanne, baadhi watampigia kura kwa vyovyote, na akifuga ndevu yeye atajaribu kuwapata waliobaki.

Lincoln alimjibu siku nne baadaye. Hakumwahidi chochote. Aliuliza kama watu hawataona ni mzaha akianza kufuga ndevu sasa, wakati hajawahi. Lakini alipopita Westfield kwa treni Februari 1861 akienda kuapishwa, alikuwa na ndevu, na alimtafuta yule binti kwenye umati akamsalimia.

Wasimulie watoto wako kisa hicho, wanakipenda mno, hasa ndevu. Ila usiishie kwenye ndevu. Waulize: Grace alijua nini kuhusu Lincoln? Kwa nini alitaja kura na hakutaja, tuseme, baridi ya uso? Hapo ndipo lilipo somo zima la kushawishi kwa umri huu, na lingine lote ni mapambo. Sababu nzuri ni ile inayomgusa anayesoma. Mtoto wa darasa la pili kwa kawaida anaandika kutoka tumboni mwake, nataka, napenda, nitafurahi, na si uchoyo huo, ni umri. Kazi yako ni kumgeuza shingo kidogo amtazame aliye upande wa pili.

Nilivyolijifunza mimi ni hivi. Darasa langu moja lilikatazwa kukaa chini ya mti fulani uwanjani kwa sababu mtunza bustani alikuwa amepanda maua kuuzunguka. Watoto walinung'unika siku tatu. Siku ya nne nikasema, basi mwandikieni. Rasimu za kwanza zilikuwa kama zako: tunapenda kukaa pale, pale pana kivuli, tafadhali. Sikusahihisha kitu. Niliweka kiti mbele ya darasa, nikavaa kofia ya kukinga jua, nikasema mimi sasa ndiye mtunza bustani, nisomeeni barua zenu. Wa kwanza akasoma: "Tunapenda kukaa pale." Nikajibu, "Najua mnapenda. Maua yangu je?" Kimya. Wa pili akasoma, nikajibu vilevile, maua yangu je? Kufikia wa nne darasa lilikuwa linaguna. Mwishowe binti mmoja aliyekuwa hasemi sana akainua mkono bila daftari: "Tukikaa chini ya mti hatukimbii. Tusipokaa tunakimbia, na mpira ndio unaovunja maua."

Ungesikia darasa lilivyonyamaza. Kisha wote wakainamia karatasi bila kuambiwa.

Barua zilipelekwa kweli, na mtunza bustani alijibu kweli, kwa mstari mmoja nyuma ya kipande cha boksi: wakae, isipokuwa siku za kumwagilia. Watoto wakasoma, wakajadili, na watatu wakamwandikia tena kuuliza siku za kumwagilia ni zipi. Sikuwaambia waandike. Jibu lililokubali nusu na kukataa nusu lilinifundishia kuliko vipindi vyangu vyote vya muhula ule.

Kwa hiyo barua ya kwanza ya wiki ijayo mtafutie mtu. Mtu aliye karibu, anayeweza kusema ndiyo au hapana, na atakayejibu. Ongea naye kabla, umwambie akubali kujibu hata kwa maneno matano, na asikubali kila kitu kwa kuwahurumia. Mkutubi, mlinzi wa geti, mwalimu wa michezo, darasa la tatu. Mwalimu mkuu naye anafaa, kama si wa ahadi za "nitaziangalia". Na ombi liwe dogo, la kuweza kutekelezeka: kupanga viti upya, kitabu kipi kisomwe kwa sauti Ijumaa, nani atumie uwanja lini. Ukiwaachia waombe chochote wataomba dunia, na dunia haina sababu.

Kuhusu mvulana wako wa mstari mmoja, usimwite mvivu. Mtoto wa umri wake akishika kalamu ana kazi nyingi kwa wakati mmoja: herufi inaandikwaje, neno linaanzia wapi na kuishia wapi, mstari usipande, ufutio uko wapi. Akimaliza kuandika "naomba" ile sababu ya pili imeshamtoka kichwani. Mezani kwako mkono ulikuwa umepumzika, kichwa kikafanya kazi chenyewe. Tena, alipokuwa anaongea ulikuwepo. Ulimtazama, pengine uliinua nyusi, na kila nyusi ilipoinuka alijua aongeze sababu. Karatasi haiinui nyusi. Watafiti wawili wa Kanada, Carl Bereiter na Marlene Scardamalia, walieleza mwaka 1987 jinsi mwandishi mchanga anavyomwaga kile anachokijua jinsi kinavyomjia, kikiisha ameisha, wakati mwandishi aliyekomaa hukigeuzageuza kulingana na lengo na msomaji. Anayezungumza na mtu hugeuzwageuzwa na mtu huyo. Anayeandika inabidi ajigeuze mwenyewe, na hilo ndilo gumu.

Basi mrudishie mtu. Kabla ya kushika kalamu, watoto wakae wawili wawili. Mmoja anaomba, mwenzake ana maneno mawili tu anayoruhusiwa kusema: "Kwa nini?" na "Mimi inanihusu nini?" Hilo la pili watalicheka siku nzima, waache walicheke. Dakika tano, wabadilishane. Ukiwa na watoto 36 huwezi kuwa nyusi ya kila mmoja, lakini una jozi 18, na jozi zinafanya kazi hiyo bure. Wakimaliza, kila mmoja achore haraka picha ndogo kwa kila sababu aliyoisema, mchoro wa kijinga tu wa kumkumbusha, ndipo aandike. Wale ambao mkono bado unawashinda, akiwemo huyo wako, kaa nao wachache wachache, waseme wewe uandike, kisha wainakili au waiendeleze sentensi ya mwisho. Huko si kuwabeba. Viwango vya masomo viitwavyo Common Core, vilivyotolewa Marekani mwaka 2010, vinasema waziwazi kwamba mtoto wa chekechea aeleze maoni yake kwa kuchora, kusema akaandikiwa, na kuandika, kwa pamoja. Darasa la kwanza wanatakiwa kutoa maoni na sababu moja. Darasa la pili sababu zaidi, zilizounganishwa kwa maneno kama "kwa sababu" na "pia", na sentensi ya kufunga. Kuandika na kukiri hoja ya upande wa pili kunakuja darasa la saba.

Nimeitaja hiyo kwa sababu ya ugonjwa wa "sababu tatu", ambao hata mzazi wako ameshauona nyumbani. Sijui nani alituloga na tatu. Mtoto mwenye sababu moja ya kweli ukimlazimisha atoe tatu utapata hizi, nilizipata mwenyewe: "Kwanza tutafurahi. Pili tutakuwa na furaha. Tatu hatutakuwa na huzuni." Muulize badala yake sababu moja, kisha mwambie ailishe: ilitokea lini? ulimwona nani? itakuwaje? "Vitabu vya rafu ya juu hatuvifikii" ni sababu. "Jana mwenzetu alipanda kiti akitaka kitabu cha rafu ya juu, kiti kikayumba" ni sababu iliyoshiba, na mkutubi akiisoma atasogeza rafu mwenyewe kabla ya kumaliza barua.

Mfano wa ubaoni usiuache, ubadilishe tu matumizi yake. Andika barua mbili mbovu kwa makusudi, moja ya tafadhali nyingi na moja ya vitisho (usitumie za watoto wako, watajijua), uwape wao wawe wapokeaji. Nani kati yenu angekubali? Kwa nini usingekubali? Watoto ni mahakimu wakali mno wa barua za wengine. Kisha tungeni moja pamoja, wao wakisema na wewe ukiandika, ukikata na kubadilisha mbele ya macho yao ili waone kwamba hata mwalimu hufuta. Wakianza ya kwao, futa ubao wote. Na tarehe ya juzi.

Mzazi wa getini ana haki kidogo, mwanangu, usimpuuze. Ukimpa mtoto nyundo bila kumwambia wapi haipigwi, atapiga meza ya kulia. Kuna mambo matatu yanayopaswa kuingia kwenye somo lako ambayo nadhani hayakuingia. Kwamba aliyeombwa ana haki ya kukataa, na akikataa mwombaji anaweza kurudi siku nyingine na sababu bora, hawezi kurudi baada ya dakika mbili na sababu ileile. Kwamba "nitalia" si sababu. Hilo liseme bila kumwaibisha aliyeandika, kwa kuuliza darasa: mtu akikubali kwa kuogopa kelele, umemshawishi au umemchosha? Na kwamba sababu ya uongo haitumiki hata ikifaulu. Hili la tatu litakuja tu, jiandae. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuandika kwamba daktari amekataza kazi za nyumbani duniani kote. Nilicheka mpaka nikatoa machozi, kisha nikamwuliza mlengwa wa barua akigundua, ataziamini barua zako nyingine?

Mzazi huyo mwambie hivi kwa upole: kuanzia leo, mabishano ya kulala yanapokelewa kwa maandishi tu. Mtoto akitaka kuchelewa kulala aandike barua mchana, aiweke mezani, na jibu litatoka kesho yake, nalo liwe la maandishi pia, hata mstari mmoja. Niliwapa wazazi wengi ushauri huo. Wengine walirudi wakilalamika kwamba nyumba imetulia mno. Wawili walikuja na barua mkononi, wamekwenda kuonyeshana kazini.

Mwenzako wa darasa la jirani mwachie tu cheko lake, ingawa nusu ya anachosema ni kweli. Mwandiko na tahajia vinafundishwa, na hakuna siku vinafundishika kirahisi kama siku ambayo barua inakwenda kwa mlinzi wa geti na mtoto anaogopa mlinzi asije akasoma "malango" badala ya "mlango". Kwa hiyo rasimu ya kwanza kalamu nyekundu ikae mfukoni, soma ujibu kama msomaji: "Hapa umenishawishi", "Hapa sijaelewa paka atakaa na nani". Rasimu ya mwisho, ile inayotoka nje ya darasa, ndiyo ya kusahihisha herufi. Alama, kama lazima utoe, toa kwa vitu vitatu: anachoomba kinaeleweka, kuna sababu inayomhusu msomaji, na sababu hiyo imepewa mfano au maelezo. Kama barua imekubaliwa au imekataliwa, hilo halina alama. Atakayekataliwa na barua yake ni nzuri apate zake zote, na umwambie mbele ya wenzake kwa nini.

Wale 29 usiwarudishie madaftari na maneno makali, waambie tu mnaanza upya kwa sababu safari hii kuna mtu anasubiri. Na huyo wa paka usimwambie apunguze tafadhali. Kaa naye kwenye kona, umwulize mama yake atakaporudi jioni amechoka na kumkuta paka amelala kitandani mwake, atasema nini. Akikujibu, mpe karatasi mpya.